Vijidudu kwenye mafuta ya ndege: upime kwa chupa ya kuotesha, kwa kipimo cha haraka au kwa ATP?

Fundi amedreni tenki la bawa asubuhi na mapema. Ndani ya chupa ya sampuli mafuta yanang'aa kama kawaida, lakini chini kuna maji kidogo, na pale maji yanapokutana na mafuta umejitandaza utando mwembamba wa kahawia unaonata kwenye kioo ukiinamisha chupa. Ndege imepangiwa kuondoka saa nne. Afanye nini?

Vifaa vya kupima vijidudu uwanjani ni vya aina tatu kubwa, na kila aina ina watetezi wake. Nimeona watu wakibishana kipi ni "bora", kana kwamba vyote vinajibu swali moja. Havijibu swali moja. Kimoja kinahesabu vijidudu vilivyo hai na vinavyoweza kuota, kingine kinatafuta alama za mwili wa vijidudu hata kama vimeshakufa, na cha tatu kinapima nguvu iliyomo ndani ya chembe hai. Anayenunua kwa ajili ya karakana, ghala la mafuta au ndege zake mbili tatu aanze na uamuzi anaotaka kuufanya baada ya kupata jibu, ndipo aangalie bei.

Tunachokitafuta

Jet A-1, yaani mafuta ya ndege tunayoyazungumzia, kwa asili ni mafuta ya taa, na vijidudu havistawi kwenye mafuta makavu. Vinakaa kwenye maji na kula mafuta kutokea hapo. Maji hayo si lazima yaletwe na mtu. Mafuta yenye joto hubeba maji yaliyoyeyuka ambayo jicho halioni, na yakipoa angani maji hujitenga na kushuka chini. Ndege inaposhuka, tenki huvuta hewa ya nje kupitia matundu yake, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika ina unyevu wa kutosha kulowesha kuta za tenki lililopoa.

Mkazi anayejulikana zaidi ni fangasi Hormoconis resinae, ambaye vitabu vya zamani humwita Cladosporium resinae. Huota nyuzinyuzi zinazosukana kuwa mkeka kwenye mpaka wa maji na mafuta. Vipande vya mkeka vikikatika huziba filta. Mkeka ukishika vihisi vya geji, rubani anasoma kiasi cha mafuta kisicho sahihi. Asidi zinazotolewa humo hula alumini pamoja na rangi na vizibo vinavyoilinda. Hamira na bakteria huishi naye, na kwenye matenki makubwa ya ghala, chini kabisa pasipofika oksijeni, huweza kuwepo bakteria wanaotumia salfeti na kuacha harufu ya yai viza.

Mazingira yetu ya pwani yanawapa nafasi nzuri mno. Ndege kubwa inayotoka Ulaya mafuta yake hukaa kwenye baridi kali kwa saa nyingi, na baridi hiyo husimamisha ukuaji ingawa haiui vijidudu. Ndege ndogo inayokwenda Zanzibar na kurudi huruka chini, kwa muda mfupi, mara nyingi kwa siku, na mafuta yake hayapati baridi ya maana hata mara moja. Usiku inalala uwanjani ikiwa na tenki nusu. Hormoconis resinae hustawi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, yaani hali ya hewa ya Dar karibu mwaka mzima. Mwongozo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wa kupima angalau mara moja kwa mwaka ni kiwango cha chini kwa ndege za dunia nzima. Kwa ndege ya pwani inayolala nje, mimi naona mwaka ni mrefu mno.

Macho na kapsuli ya maji

Haya mawili nayataja kwa sababu watu huyahesabu kama kipimo cha vijidudu, wakati sivyo. Kuangalia kama mafuta ni safi na angavu kunakuonyesha uchafu na maji. Kapsuli inayobadilika rangi inakuambia kuna maji yaliyotawanyika. Yote ni ya lazima kila siku, na kudreni maji kila siku kunazuia tatizo kuliko kifaa chochote utakachonunua, kwa kuwa pasipo maji hapaoti kitu. Lakini sampuli inaweza kuwa angavu kabisa huku vijidudu vipo, na ukishaona utando kwa macho ujue vimeshakaa muda. Kwa fundi wa asubuhi ile, swali la kama kuna tatizo limeshajibiwa. Kilichobaki ni kujua ukubwa wake.

Chupa ya kuotesha

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote kwa wazo lake, na bado ndiyo ninayoiamini zaidi. Chupa ndogo ina rojo lenye chakula cha vijidudu na rangi inayobadilika. Unatia kiasi kidogo cha mafuta au maji ya sampuli, unatikisa mpaka rojo lilainike na kuchanganyika, unaliacha ligande tena, kisha unasubiri. Kila kijidudu hai kinachoweza kuota kinageuka doa la zambarau. MicrobMonitor2 kutoka Uingereza ni mfano unaojulikana sana kwenye hanga, na kiwango cha ASTM, shirika la viwango vya upimaji, kinachoeleza njia hii ni D7978.

Madoa huhesabiwa kwa kizio cha CFU, yaani kijidudu au bonge la vijidudu linaloota doa moja. Kwa mafuta yaliyochotwa kwenye tenki la ndege, mwongozo wa IATA unaona chini ya CFU 4,000 kwa lita ni hali ya kawaida, 4,000 hadi 20,000 ni uchafuzi wa wastani, na zaidi ya 20,000 ni uchafuzi mzito. Namba hizo zinasikika kubwa, kwa hiyo zilete kwenye chupa uliyoshika mkononi. Ukitia nusu mililita ya mafuta, doa moja ni sawa na CFU 2,000 kwa lita. Madoa mawili yameshakufikisha kwenye mpaka wa wastani, na madoa kumi yamekufikisha kwenye mpaka wa mzito. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kuifungia ndege huweza kusimama juu ya tofauti ya doa moja au mawili kwenye kichupa kimoja. Ndiyo maana matokeo yanayokaribia mpaka yanarudiwa kwa sampuli mpya, na mtu makini huotesha chupa mbili kwa sampuli moja.

Udhaifu wake wa kwanza ni muda. Kwa kawaida unasubiri hadi siku nne. Uchafuzi mzito huonekana mapema zaidi, lakini huwezi kutangaza kuwa tenki ni salama kabla ya muda kuisha. Udhaifu wa pili watu wengi hawautilii maanani: bonge la nyuzi za fangasi huhesabiwa kama doa moja. Tenki lenye mkeka mkubwa uliotulia linaweza kutoa CFU chache kuliko tenki lenye bakteria wengi waliotawanyika, wakati lililo hatarini zaidi kuziba filta ni lile la kwanza. Na vijidudu visivyopenda oksijeni havioti vizuri humo.

Halafu kuna joto. Maelekezo hutaka karibu nyuzi 25. Ofisi yenye kiyoyozi kinachozimwa jioni haikupi joto hilo usiku kucha, na kabati la chuma ndani ya hanga adhuhuri ya Februari ni tanuri. Kisanduku kidogo cha kuoteshea chenye kidhibiti cha joto kinatosha, ili mradi kiwe na uwezo wa kupoza pia. Vile vinavyopasha tu havisaidii mahali ambapo chumba kina joto kuliko linalotakiwa.

Kipimo cha haraka

Kila mtu aliyewahi kutobolewa kidole zahanati anakijua kifaa cha namna hii: kipande cha plastiki chenye kishimo cha kudondoshea na dirisha la mistari. FUELSTAT ndicho kinachotajwa zaidi, na kiwango cha ASTM ni D8070. Unachukua sampuli ya mafuta, unaitikisa pamoja na kimiminika cha kifaa ili alama za vijidudu zihamie humo, unadondosha matone kwenye vishimo, na ndani ya takriban robo saa unasoma. Kingamwili zilizomo hutambua Hormoconis resinae peke yake, fangasi wengine kwa pamoja, na bakteria, kwa ngazi mbili: kuna uchafuzi kidogo, kuna uchafuzi mwingi.

Ulinganifu na kipimo cha haraka cha malaria unafika mbali, ubaya wake ukiwemo. Mgonjwa aliyetibiwa malaria na kupona huweza kuendelea kutoa mstari kwa wiki kadhaa, kwa sababu kipimo kinatafuta protini iliyobaki kwenye damu, wala hakiangalii kama mdudu yu hai. Tenki nalo hali kadhalika. Ukiua vijidudu kwa dawa, mabaki yao hubaki ndani mpaka yaoshwe, na kipimo cha haraka kitaendelea kuyaona. Jambo moja ni tofauti na zahanati na linastahili tahadhari: vipo vipimo vya aina hii vinavyosomwa kinyume, mstari ukitokea maana yake ni kwamba kiwango hakijavukwa. Fundi mpya asiachiwe asome kwa mazoea ya mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria. Karatasi ya maelekezo iwe mezani kila mara.

Uzuri wake haupatikani kwingine. Hakihitaji umeme, mashine, joto maalumu wala siku nne. Kinasoma alama za mkeka wa fangasi pamoja na za chembe zinazoelea, kwa hiyo kwa lile tenki lenye bonge lililotulia kinaweza kukuonyesha ukubwa wa jambo vizuri kuliko chupa. Fundi wa asubuhi ile akiwa nacho kwenye kabati, kabla ya saa moja kuisha anajua kama amwite msimamizi au aendelee na ukaguzi wake.

ATP

Kila chembe hai hutumia molekuli ya ATP kama nguvu yake. Kimulimuli hutoa mwanga wake kwa kimeng'enya kinachochoma ATP, na kipimo hiki hutumia kimeng'enya hicho hicho. Ukipasua vijidudu na kuvichanganya nacho, mwanga hutoka, na mashine ndogo inausoma. Mwanga mwingi, uhai mwingi. Njia inayotumika zaidi siku hizi ni ile ya kupitisha sampuli kwenye filta kwanza, kuisafisha, kisha kuvipasua vijidudu vilivyonaswa, kama inavyoelezwa na ASTM D7687. Jibu liko tayari ndani ya dakika chache, na ni namba, kwa hiyo unaweza kuchora mchoro wa tenki lako mwezi hadi mwezi.

Hapo kwenye mchoro ndipo ATP inapoizidi kila njia nyingine. Ghala linalopokea mafuta kwa meli na kuyapeleka uwanjani halina haja ya kujua kama leo kuna CFU 3,000 au 5,000. Linahitaji kujua kama tenki namba tatu linapanda polepole tangu mvua zianze. Kipimo chenye jibu la papo hapo, kinachofanywa mara kwa mara na mtu yule yule kwa mashine ile ile, kinaonyesha mwenendo huo wiki kadhaa kabla tatizo halijaonekana kwa macho.

Lakini gharama ya kuanza ni kubwa kwa sababu ya mashine, na vimeng'enya vinataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8 tangu vinatoka kiwandani hadi vinafika mezani kwako. Kifurushi kilichokwama bandarini au kwenye ghala la forodha bila ubaridi kimepoteza nguvu, na mashine haitakuambia: itatoa namba ndogo, nawe utafurahi bure. Atakayeingia njia hii apime kila shehena mpya kwa sampuli ya ATP yenye kiwango kinachojulikana kabla ya kuiamini. Mbegu za fangasi zilizolala nazo zina ATP kidogo, hivyo tenki lenye mbegu nyingi zinazosubiri maji huweza kuonekana tulivu.

Kupeleka maabara

Maabara huchuja mafuta na kuotesha kwenye sahani kwa kufuata viwango vya IP 385 au ASTM D6974, na nyingine hupima vinasaba. Huko utaambiwa ni kijidudu gani hasa, kitu ambacho vifaa vya uwanjani hukisema nusunusu au havikisemi kabisa. Wakati wa mgogoro kati ya muuza mafuta na mwenye ndege, karatasi ya maabara huru ndiyo inayomaliza maneno. Kwa kazi ya kila siku njia hii ni nzito. Mafuta ya ndege ni mzigo wa hatari wenye namba ya usafirishaji UN 1863, kwa hiyo chupa ya sampuli haiwekwi kwenye begi la abiria anayekwenda Nairobi. Inafungwa na kuandikiwa kwa kanuni. Na kila siku inayokaa njiani, vijidudu vinaongezeka au vinakufa, jibu linaanza kuzungumzia chupa badala ya tenki.

Kwa kutupa jicho

| | Chupa | Haraka | ATP |
|---|---|---|---|
| Kinachoonwa | Vijidudu hai vinavyoota | Alama za vijidudu, hai au wafu | Nguvu ndani ya chembe hai |
| Jibu | Hadi siku 4 | Takriban robo saa | Dakika chache |
| Kinachohitajika | Joto la karibu nyuzi 25 | Karibu hakuna | Mashine na jokofu |
| Mkeka wa fangasi | Huhesabiwa pungufu | Huonekana vizuri | Huonekana ukiwa hai |
| Muda mfupi baada ya dawa | Tahadhari, dawa huweza kuzuia kuota | Usitumie | Tahadhari |

Jedwali hili lisisomwe bila sehemu inayofuata.

Jibu linapoelekea kwenye dawa

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Watu huchukulia kosa la kipimo kuwa la upande mmoja tu: kuambiwa tenki ni salama wakati si salama. Kosa la upande wa pili nalo lina hatari yake, kwa kuwa kinachofuata baada ya "kuna vijidudu" ni mtu kumimina kemikali ndani ya tenki la ndege.

Tarehe 26 Februari 2020, Airbus A321 yenye usajili G-POWN iliondoka Gatwick, na mara baada ya kupaa injini moja ikaanza kutikisika na kutoa miale. Ya pili nayo ikaonyesha dalili mbaya. Wakarudi na kutua salama. Wachunguzi wa AAIB, idara ya Uingereza inayochunguza ajali za ndege, waligundua kwamba wakati wa matengenezo tenki zilitibiwa kwa dawa ya Kathon, na dawa iliyotiwa ilikuwa mara 38 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango kilikuwa kimeandikwa kwa sehemu kwa milioni, na hesabu ya kugeuza sehemu hizo kuwa kilo za dawa ndiyo iliyokwenda kombo. Mwaka mmoja kabla, Machi 2019, Boeing 787 iliyokuwa ikishuka kuelekea Kansai, Osaka, injini zake zote mbili zilishuka nguvu kwa muda, na uchunguzi ukaelekeza kwenye dawa hiyo hiyo na chumvi zilizobaki kwenye vali za mafuta. Machi 2020 mtengenezaji akaiondoa Kathon FP 1.5 kwenye matumizi ya ndege.

Biobor JF ndiyo iliyobaki kutumika kwa wengi, kiwango cha tiba kikiwa sehemu 270 kwa milioni kwa uzito. Fanya hesabu ujionee: kwa kilo 2,000 za mafuta, hiyo ni gramu 540 za dawa. Kosa la nukta moja ya desimali linakuwa kilo 5 na ushee, na kopo halitalalamika. Hesabu ya dawa ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kila mmoja na karatasi yake, kisha walinganishe.

Kwa sababu hiyo, kanuni ninayoishikilia ni kwamba hakuna dawa inayomiminwa kwa jibu la kipimo kimoja cha haraka. Kipimo cha haraka kikisema kuna uchafuzi mwingi, dreni, chukua sampuli mpya, pima tena kwa njia ileile na anzisha chupa ya kuotesha wakati huohuo. Kitabu cha matengenezo cha ndege husika ndicho kinachosema kama ndege iendelee kuruka kwa muda maalumu wakati chupa inasubiriwa, na kinataja pia ni vifaa gani vinavyokubalika. Kifaa kisichotajwa humo, hata kiwe kizuri kiasi gani, hakikupi saini. Kama uchafuzi ni mzito na utando unaonekana, dawa peke yake haitoshi: tenki linafunguliwa na kuoshwa, maana mkeka uliokufa huziba filta sawasawa na ulio hai, na mara nyingi filta huziba siku chache baada ya tiba, mabaki yanapong'oka.

Baada ya tiba, usithibitishe kwa kipimo cha haraka. Kitaona wafu na kukufanya urudie dawa ambayo haikuhitajika. Subiri mafuta yaliyotibiwa yatumike, ndege ijazwe mafuta mapya, maji yadreniwe, kisha otesha chupa. Ukiotesha sampuli ambayo bado ina dawa, huenda kisiote kitu kwa sababu dawa inaendelea kufanya kazi ndani ya chupa yako, na ukadhani tenki limepona.

Sampuli

Ningeweza kuandika makala nzima juu ya sampuli pekee, kwa sababu kipimo ghali kwenye sampuli mbaya ni hasara tupu. Vijidudu havijasambaa sawa kwenye tenki. Vipo chini, mpakani mwa maji na mafuta. Ndege iliyotoka kujazwa mafuta imevurugwa. Iache itulie kwanza, au bora uchukue sampuli asubuhi kabla ya chochote kuguswa. Futa vali ya kudreni kwa spiriti kabla hujaifungua, vaa glavu, na tumia chupa mpya safi iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Chupa ya maji ya kunywa iliyosuuzwa haifai, kwa kuwa ina bakteria wake.

Mtiririko wa kwanza ndio wenye maji na utando, na ndio unaoutaka. Wapo wanaoumwaga kwa sababu "ni mchafu", kisha wanapima mafuta safi yanayofuata na kuandika kuwa hali ni nzuri. Kama kuna maji kwenye chupa, yapime hayo maji kwa kipimo chake, kwa kuwa mipaka ya maji huhesabiwa kwa mililita wakati ya mafuta huhesabiwa kwa lita. Andika tenki gani, vali gani, saa ngapi, ndege ilikaa muda gani. Kila tenki na chupa yake: kuchanganya la kushoto na la kulia kwenye sampuli moja kunakuficha lipi ni gonjwa. Pima siku hiyohiyo, na kama haiwezekani weka kwenye ubaridi bila kugandisha.

Nani anunue nini

Karakana inayopokea ndege kwa matengenezo makubwa ianze na chupa za kuotesha. Ndege itakaa siku nyingi hata hivyo, kwa hiyo siku nne hazina gharama, ili mradi sampuli ichukuliwe siku ndege inapoingia. Ikichukuliwa siku ya mwisho, tenki zimeshafungwa na kila mtu anatamani jibu liwe zuri.

Kituo cha kupokea ndege na kuziondoa siku hiyohiyo, kama JNIA ya Dar es Salaam au JKIA ya Nairobi, kinahitaji kipimo cha haraka kabatini na chupa za kuthibitishia. Viwili hivyo kwa pamoja ndivyo ninavyovipendekeza kwa watu wengi, na kama ni lazima kimoja tu, ningechukua chupa. Jibu la kuchelewa lenye maana linanifaa kuliko jibu la haraka ambalo siwezi kulitumia baada ya tiba.

Ghala la mafuta lenye jokofu la uhakika, umeme wa akiba na mtu mmoja wa kudumu kwenye kazi hiyo linufaike na ATP. Ghala ambalo mpimaji hubadilika kila zamu lisiinunue bado, kwa kuwa mchoro wa mwezi hadi mwezi utakuwa unapima tofauti za mikono ya watu.

Na mwenye ndege moja au mbili zinazolala Mafia au Kilwa Masoko? Nunua vipimo vichache vya haraka na chupa chache, usinunue boksi kubwa kwa sababu ya punguzo, maana vyote vina tarehe ya mwisho na joto la pwani halivihurumii. Vihifadhi kwa maelekezo yake, andika tarehe ya kufunguliwa juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito. Pima mwanzo wa masika, na pima tena kila ndege inapokaa muda mrefu bila kuruka. Chupa iliyokwisha kuota ina mamilioni ya vijidudu hai, kwa hiyo isiende kwenye ndoo ya taka ya hanga. Iueni kwa dawa ya klorini kama maelekezo yanavyosema, au muombe zahanati ya jirani iitie kwenye mashine yao ya kuchemshia vifaa.